Mtoto wa Bukavu, mtu wa Minnesota

Kazi yangu ni kusuka. Mimi mtu wa Tanga, naishi Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis, na wateja wangu wengi ni wa kukisia tu: Waliberia, Wakenya, Wakongo, Wamarekani weusi, na sisi Watanzania wachache tuliotawanyika kwenye baridi hii. Ila kuna aina moja ya mteja ambayo kila msusi wa Kiafrika wa huku anaijua. Anaingia mama mzungu kamshika mkono mtoto mweusi, na kabla hajakaa ameshaomba radhi. Radhi ya nywele. Atasema ametazama video nyingi, atasema amenunua mafuta ya kila namna, atasema mtoto analia akiguswa kichwa. Mtoto mwenyewe anaangalia sakafu.

Ukishika kichwa ndiyo unayaona mambo. Kisogoni nywele zimejisokota zikawa donge moja, kitana hakipenyi. Pembeni zimekatika kwa kuoshwa kila siku na shampuu, maana mama huosha zake kila siku na hakuna aliyemwambia kwamba hizi hazitaki hivyo. Ngozi imekauka mpaka inatoa magamba. Natia maji na kondishina, nagawa mafungu madogo madogo, naanza kuchambua nchani narudi kwenye shina, polepole, mtoto kauma meno. Hapo hata mstari wa kwanza wa twende kilioni bado.

Niseme mapema: watoto hawa walioasiliwa, yaani waliochukuliwa kisheria na wazazi wapya wakawa watoto wao, wanapendwa. Wana vyumba vyao, wana baiskeli, wana daktari wa meno, na wana mama aliyeendesha gari kwenye theluji kutoka mji wa mbali ili wasukwe. Lakini mapenzi peke yake hayamfundishi mtu kusuka. Pale kwetu mtoto hakai na kichwa cha namna ile wiki mbili. Shangazi, jirani, hata muuza mihogo atamwita mama pembeni: "Mama fulani, huyu mtoto vipi?" Mama atanuna, lakini jioni mtoto atakuwa amekalishwa mkekani kati ya magoti ya mtu. Huku hakuna wa kumwita mama pembeni. Mtoto ana wazazi wawili, ila hana watu.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu, kwa sababu watoto wenyewe wamekua. Wimbi lilikuwa kubwa miaka ya 2000. Mwaka 2004 Wamarekani waliasili karibu watoto 23,000 kutoka nchi za nje. Mwaka 2023 walikuwa 1,275 tu. Ethiopia peke yake ilitoa zaidi ya watoto 15,000 kuja Marekani kabla bunge lake halijapiga marufuku Januari 2018. Milango mingine ya upande wetu ilikuwa imeshafungwa mmoja mmoja. Rwanda ilisitisha 2010. Kongo ilizuia vibali vya kutoka Septemba 2013, na mamia ya watoto ambao kesi zao zilikuwa zimekwisha mahakamani wakakwama. Kenya ikasimamisha Novemba 2014. Uganda mwaka 2016 ikaziba ule mwanya wa mgeni kupewa ulezi na mahakama halafu akaondoka na mtoto.

Kwa hiyo wale waliokuja na miaka mitatu, minne, leo ni vijana wenye magari yao na pesa zao. Hawaletwi tena na mama. Na kiti cha kusukia kina tabia yake: mtu akikupa kisogo kuanzia asubuhi hadi alasiri, asiangaliane na wewe usoni, atasema. Wanauliza kwa sura nyingi lakini swali ni lilelile. Nikiulizwa natoka wapi, nijibu nini? Mimi Mwafrika? Kama ni mweusi, mweusi wa namna gani?

Hapa Minnesota swali hilo lina watu waliolitangulia, nao si Waafrika hata kidogo. Ni Wakorea. Wakorea walioasiliwa katika jimbo hili wanakisiwa kupita elfu kumi, na wengi wao wanaitwa Johnson, Anderson, Olson, majina ya Waswidi na Wanorwe waliohamia huku karne ya 19. Mgeni akifika anashangaa: karani wa benki anaitwa jina la Kinorwe, sura ya Seoul, lafudhi ya mkulima wa huku huku. Baada ya muda huulizi tena.

Historia yao inaanzia vita vya Korea vilivyosimama mwaka 1953. Wa kwanza kuondolewa walikuwa watoto ambao wanajeshi wa kigeni walizaa na wanawake wa Kikorea. Mwaka 1955 mkulima wa Oregon, Harry Holt, na mkewe Bertha walichukua wanane kwa mpigo, na ikabidi Bunge la Marekani lipitishe sheria maalumu kuwaruhusu. Halafu wakaanzisha shirika la kuwatafutia watoto wa Korea wazazi wa kuwaasili. Vita vikapita, mayatima wa vita wakakua, lakini ndege hazikusimama. Mwaka 1985, Korea ikiwa tayari inaunda meli na magari ya kuuza nje, watoto zaidi ya 8,800 walisafirishwa ndani ya mwaka huo mmoja. Wengi walikuwa watoto wa wanawake wasioolewa, na wanawake hao jamii ilikuwa haiwataki. Kwa jumla wanakadiriwa kufika 200,000, wakagawanywa Marekani, Sweden, Denmark, Ufaransa, Uholanzi na kwingineko.

Wazazi wa enzi hizo walishauriwa kumfanya mtoto Mmarekani haraka na kutoitaja rangi. Matokeo yake yalikuja kupimwa. Mwaka 2009 taasisi ya Evan B. Donaldson ilichapisha utafiti juu ya watu wazima walioasiliwa, na kati ya Wakorea waliolelewa na wazazi wazungu, asilimia 78 walisema kwamba walipokuwa watoto walijiona wazungu au walitamani kuwa wazungu. Nilipoisoma namba hiyo sikushangaa. Msichana mmoja wa Ethiopia alinisimulia, mimi nikiwa namfumua rasta, kwamba mpaka darasa la kwanza alikuwa akijichora kwa kalamu ya rangi ya pichi, ile ambayo darasani iliitwa rangi ya ngozi. Hakuwa anadanganya. Alichora alichokiona kila siku mezani.

Wataalamu wana namna yao ya kueleza. Jean Phinney, mwanasaikolojia aliyetunga mwaka 1992 kipimo cha utambulisho wa kikabila ambacho bado kinatumika, alisema kijana wa jamii ndogo hupita hatua: kwanza hajiulizi, kisha anatafuta, mwisho anatulia na alicho. Ni maelezo mazuri, na kwa watoto wetu tuliowazaa huku nayaona kabisa. Lakini yanachukulia kwamba unapoanza kutafuta, pana mahali pa kuanzia. Kijana wa Kimeksiko akianza kutafuta, anaanzia jikoni kwa bibi yake. Aliyeasiliwa anaanzia kwenye faili.

Mwingine ni Richard Lee wa Chuo Kikuu cha Minnesota, ambaye mwaka 2003 aliandika juu ya kitendawili cha watu hawa: nyumbani wanakula heshima ya uzungu pamoja na wazazi wao, nje dunia inawapokea kwa sura zao. Mkiwa pamoja dukani, wewe ni mtoto wa mama mzungu. Ukiingia peke yako, mlinzi anakufuata. Heshima ile si yako. Ni ya kuazima, na mwenye nayo akigeuka kwenye rafu nyingine inaondoka naye.

Huko Minneapolis hilo halikubaki darasani. Tarehe 25 Mei 2020 polisi walimuua George Floyd pale kona ya barabara ya 38 na Chicago. Wiki zile simu yangu ilijaa, na waliopiga hawakuwa wanataka kusukwa. Mama mmoja ambaye mwanawe, mtoto wa Addis Ababa, ndiyo kwanza alikuwa amepata leseni ya udereva, aliniuliza amfundishe nini akisimamishwa na polisi. Nilimwambia ukweli, kwamba sisi tuliokuja wakubwa nasi hatukuwa tukijua. Tulifundishwa na Wamarekani weusi kazini na kanisani. Mikono juu ya usukani, sauti ya chini, usichomoe kitu mfukoni. Nikampa namba ya jirani yangu, mzee wa Mississippi aliyestaafu udereva wa basi. Nasikia alikwenda, na mzee akakaa na yule kijana kwenye gari lililozimwa, wakafanya mazoezi.

Ukiwaambia Wamarekani weusi kisa hiki hawashangai. Mwaka 1972 chama cha maofisa ustawi wa jamii weusi kilitoa tamko kali kupinga watoto weusi wa Marekani kulelewa na wazungu, kwa hoja kwamba nyumba ya wazungu haiwezi kumfunza mtoto jinsi ya kuishi na ubaguzi. Mwaka 1994 sheria ya nchi ikaenda upande mwingine, ikazuia mtoto kucheleweshwa au kunyimwa familia kwa ajili ya rangi. Mimi siko upande wowote moja kwa moja. Mtoto aliyekaa kituoni miaka mitano hawezi kungoja sisi tumalize mjadala. Ila yule mzee wa Mississippi alipatikana kwa bahati, na bahati si mpango wa malezi.

Nirudi kwa Wakorea. Wazazi wa baadaye walianza kushtuka, na kuanzia miaka ya 1970 Minnesota ikawa na makambi ya utamaduni: wiki moja ya kiangazi, mtoto anavaa hanbok, lile vazi la Kikorea, anapiga taekwondo, anaonja kimchi, kabichi yao iliyochachushwa, anajifunza kuhesabu. Waethiopia nao wakapata ya kwao baadaye. Wapo wanaoyacheka, kwamba utamaduni haupikwi kwa wiki moja. Kweli haupikwi. Nimeona nyumba ya mtoto wa Ethiopia yenye kinyago cha Kimakonde ukutani na kitenge cha Ghana juu ya kochi, na mama anasema kwa fahari, "Tunamwekea urithi wake." Afrika nzima kwenye ukuta mmoja, na hakuna hata Mwafrika mmoja anayebisha hodi. Lakini waliokwenda makambini wakiwa watoto, ukiwauliza leo nini kilibaki, hawataji vyakula wala ngoma. Wanataja kwamba wiki ile walikuwa wengi. Waliwaona watoto wenzao wenye sura zile na majina yale, na kwa mara ya kwanza hawakuulizwa swali.

Mbegu ile ndiyo iliyoota. Kule Sweden walikuwa wameshaunda chama chao mwaka 1986. Septemba 1999 Wakorea karibu 400 walioasiliwa nchi mbalimbali walikutana Washington, watu wazima, wengi hawajuani, na kilichowafunga pamoja kilikuwa yale yaliyowapata. Wengine walikuwa wameshahamia Seoul na kufungua ofisi ya kusaidiana mwaka 1998, mwaka uleule ambao Rais Kim Dae-jung aliwaita wachache wao ikulu akawaomba radhi. Mwaka 1999 wakapewa viza ya kuishi na kufanya kazi, na kuanzia 2011 ruhusa ya uraia pacha.

Je, walikuwa Wakorea tena? Wengi watakuambia hapana. Kule Seoul dereva wa teksi anawagombeza kwa nini hawajui lugha yao, mama wa dukani anawasikitikia mpaka wanaona aibu. Kilichotokea ni kitu kingine: walipata kabila. Si la Korea wala la Minnesota. Lina lugha yake ya mkato, utani wake, ugomvi wake wa ndani juu ya nani anafaa kusema kwa niaba ya nani, ndoa zake, na watoto ambao sasa wanazaliwa humo. Mimi naliona ni kabila kamili kama mengine, maana makabila yetu nayo hayakushuka kutoka mbinguni. Watu walihama, wakakutana, wakaoana, wakapeana jina.

Na ni hao kabila waliolazimisha karatasi zifunguliwe. Malalamiko ya watu 367 kutoka nchi 11 yalipelekwa mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Korea Kusini, na Machi 2025 Tume ikatamka kwamba haki za 56 kati yao zilivunjwa: watoto wenye wazazi hai waliandikwa yatima, na wengine walipewa jina na kumbukumbu za mtoto mwingine kabisa aliyekufa au aliyerudishwa kwao. Oktoba mwaka huohuo Rais Lee Jae-myung akaomba radhi kwa niaba ya taifa. Fikiria mtu aliyetafuta asili yake miaka ishirini kwa kufuata faili, halafu anaambiwa faili ni la mtu mwingine.

Sasa tuje kwetu, na hapa ndipo ninapokosa subira na baadhi ya Waafrika wenzangu wanaodhani hili ni jambo la wazungu. Huku kwetu mtoto kulelewa nje ya nyumba alimozaliwa ni jambo la kila siku. Mimi mwenyewe nimelelewa kwa mama mkubwa Muheza miaka ya shule ya msingi. Hakuna aliyesema nimebadilishwa. Nilikuwa na baba yangu, jina lake, likizo kwake, na nikimkosea mama mkubwa nilitishiwa kurudishwa. Kwa Waislamu wa pwani jambo hili lina hukumu iliyo wazi: kulea yatima ni thawabu kubwa, lakini Qurani katika sura ya Al-Ahzab inaagiza watoto wa kulea waitwe kwa baba zao. Unamlea, unamlisha, unamsomesha, nasaba yake inabaki yake.

Basi mtu wa shirika akija kijijini Ethiopia au Uganda akamwambia mjane, "Mwanao atasoma Marekani, atalelewa na familia nzuri," mjane anasikia nini? Anasikia Muheza. Anasikia mtoto atasoma, atapiga simu, atarudi likizo, na akiwa mkubwa atawainua wadogo zake. Sheria ya Marekani inasema kitu tofauti kabisa: uhusiano wa zamani umekatwa, mtoto ana wazazi wapya, jina jipya, na aliyemzaa hana haki hata ya barua. Waandishi wa habari na watafiti wamewasikia wazazi wa namna hiyo mara nyingi, wakisema hawakujua kwamba ni moja kwa moja. Pesa ilipoingia katikati mambo yakaoza. Agosti 2020 Wizara ya Fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda kwa kuhusika na mpango wa kuwatoa watoto wa vijijini kwa wazazi wao na kuwapeleka Marekani. Na Kongo, mwaka 2015, watoto wa vijiji vya karibu na Gemena walichukuliwa ikisemwa wanakwenda likizo Kinshasa. Wakaishia katika familia za Ubelgiji kwa karatasi za yatima. Vipimo vya vinasaba ndivyo vilivyokuja kuonyesha kwamba wazazi wako hai, wanangoja.

Wahenga wetu wana kauli yao, mwacha asili ni mtumwa, na nimesikia ikirushwa kwa vijana hawa bila haya, kwenye sherehe, mbele ya watu. Naiheshimu methali, lakini inamhusu aliyeacha. Mtoto wa miaka minne aliyepandishwa ndege ameacha nini?

Nina mteja mmoja, binti wa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Alitolewa kituoni akiwa na miaka mitano, kwa hiyo alikuja anaongea Kiswahili, Kiswahili cha kwao Kivu. Mama yake wa Minnesota alirekodi wiki za mwanzo, kwa mapenzi tu, na binti akaniletea simu nisikilize. Sauti ya mtoto inaomba maji, inasema aksanti, inaita mtu ambaye jina lake halisikiki vizuri, halafu inaimba. Mwenyewe haelewi hata neno. Ndani ya mwaka mmoja kilikuwa kimeondoka chote.

Wanasayansi wamelichunguza hilo, na majibu yao yanavutana. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa waliwapima ubongo Wakorea watu wazima walioasiliwa huko wakiwa na miaka kati ya mitatu na minane. Hawakuweza kuitambua lugha yao, na ubongo haukuonyesha tofauti kati ya Kikorea na lugha nyingine ya kigeni. Mwaka 2014 wenzao wa Montreal wakawapima wasichana waliotoka China wakiwa wachanga, wanaojua Kifaransa tu, na ubongo wao uliposikia toni za Kichina ukaitika kama wa anayezungumza Kichina. Kisha 2017, huko Uholanzi, Wakorea walioasiliwa walifundishwa kutamka sauti za Kikorea pamoja na Waholanzi wa kawaida, na wakawapita. Binti wa Bukavu anaupenda utafiti huo wa mwisho kupita kiasi. Mimi nilimpa tahadhari: sauti inaweza kuwa imebaki, maneno yatakuja kwa jasho. Anasoma kwa bidii. Tatizo ni kwamba anasoma Kiswahili sanifu kutoka kwenye programu ya simu, halafu mimi namchanganyia cha Tanga, na siku alipokutana na wamama wa Kikongo pale kanisani akasema "kisamvu", wakacheka wakamwambia kwao ni sombe. Akarudi kwangu amevunjika moyo, eti hata akijifunza anajifunza cha wengine.

Nilimwambia asikilize vizuri wanangu wa kuzaa. Na hapa ndipo hoja yangu yote ilipo. Watoto wetu waliozaliwa Brooklyn Park, wengi wao, hawajui Kiswahili. Wanajua shikamoo, wanajua chakula, wanajua matusi mawili waliyoyaokota kwa wajomba zao. Ugali hawaupendi. Wa kwangu wa pili hajawahi kufika Tanga. Lakini hakuna hata mtu mmoja anayesimama kwenye sherehe akamuuliza kama yeye kweli ni Mtanzania. Kwa nini? Kwa sababu ni mtoto wa fulani. Ana watu. Akikosea anasemwa, akifaulu anashangiliwa, akioa atachangiwa. Binti wa Bukavu, anayejua historia ya Kongo kuliko sisi sote tuliokaa pale mezani, anayepika sombe mpaka inanukia vizuri, yeye ndiye anayefanyiwa mtihani. Sema kitu kwa Kiswahili. Kabila lako nani? Baba yako anaitwa nani? Na akishindwa swali la tatu, ambalo hawezi kulijibu mpaka kufa kwake, tunatazamana na kusema amekuwa mzungu.

Tunawalaumu wazazi wazungu kwamba hawawapi watoto hawa Uafrika. Hawana wa kuwapa. Uafrika uko kwetu, na wenye ufunguo ni sisi. Mama mzungu anaweza kununua vitabu, kumpeleka mtoto kambini, kujifunza kusuka (na wapo waliojifunza wakawa wazuri, mmoja anasuka mistari iliyonyooka kuliko ya binti yangu). Kumfanya mtoto awe na shangazi hawezi. Shangazi lazima ajitokeze mwenyewe.

Na shangazi si mtu wa kukusifia. Hilo ndilo ambalo watu wema wanalikosea, wazungu kwa weusi. Vijana hawa wameshangiliwa mno. Kila anayewaona anawaambia wana bahati, wana nguvu, kisa chao kinagusa moyo. Hakuna anayewaagiza chumvi. Hakuna anayewapigia simu usiku kwamba kuna msiba Saint Paul, njoo na sufuria kubwa. Mtu wako anakudai. Anakuuliza mbona umenenepa, mbona hukuja, mbona hujaolewa. Binti wa Bukavu aliniambia siku moja kwamba hajui akasirike au afurahi, kwa sababu mama mmoja wa Kikongo amemgombeza mbele za watu kwa kuvaa suruali iliyochanika magotini kwenye kipaimara. Nikamuuliza, alikugombeza kwa jina? Akasema ndiyo, kwa jina, na akaniambia nikifika nyumbani niitupe. Nikamwambia basi umeshaingia, itupe.

Mwezi uliopita kakutwa na jingine. Mtoto wa yule mama anaoa, kamati imeundwa, na binti akajikuta ameingizwa kwenye kundi la WhatsApp bila kuulizwa. Akaja na simu kichwa hakijafumuliwa, ananisomea: orodha ya michango, jina lake limo, kwenye safu ya familia ya bwana harusi, mbele yake pameachwa wazi. Akaniuliza ajibu nini, na watu wa umri wake huwa wanatoa kiasi gani. Nikamwambia atoe dola 100 asizozozane, kitambaa cha sare ananunua mwenyewe na fundi analipa mwenyewe, na Ijumaa usiku atatakiwa kumenya viazi mpaka usiku wa manane kwa hiyo asipange kitu kingine. Akaandika yote kwenye simu, akauliza viazi kilo ngapi.